Mkaguzi wa Mizani na Kalori Zisizopimika

Mkaguzi wa mizani alikuwa mtu wa kununiwa. Akiingia sokoni na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, wenye mabucha hujikuta wamekumbuka safari. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: aweke jiwe la kilo tano juu ya mizani, na mizani isiposema tano, aifunge. Hakuwa na dogo. Gramu thelathini zikipungua anakufungia, na chai yako hanywi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa kalori.

Ilianza na figo za dada yake, dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mara tatu kwa wiki dada alilala saa nne nzima ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Vipimo vilionyesha figo ya mdogo wake inamfaa, lakini daktari alilitazama tumbo la mdogo mtu akasema kwanza ashuke hadi kilo tisini, vinginevyo hampasui. Mkaguzi alikuwa na tisini na saba. Akapewa miezi sita.

Basi akajiandikisha kunyanyua vyuma kila jioni akitoka kazini, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma. Saa ya mkononi aliyonunua ilimwambia kwamba amechoma kalori mia sita na arobaini. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema mia tano. Mwalimu wa mazoezi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alizidisha uzito kwa muda akatoa mia tatu na hamsini.

"Sasa ipi ya kweli?" mkaguzi akauliza.

"Hakuna, kaka. Zote ni makisio."

"Makisio! Muuza nyama akiniambia kilo yake ni makisio, nimwelewe?"

"Na misuli yako utaiwekea jiwe gani?"

Akaondoka amevimba. Na kwa kuwa njaa ya vyuma haina adabu, akaamua kuiamini saa, maana ndiyo iliyomruhusu kula zaidi. Zikitoka mia sita na arobaini, zinarudi mia sita na arobaini: mkate, mayai, glasi ya maziwa, vyote vimeandikwa daftarini kwa mwandiko wa ofisini. Miezi mitatu ikapita hivyo. Ikatoka kilo moja tu.

Ilimkera mpaka usingizi ukamruka. Akaijaribu saa kama anavyojaribu mizani: vyuma vilevile, idadi ileile, mapumziko yaleyale. Jumanne ikasema mia sita na arobaini. Alhamisi ikasema mia nne na kumi. Mizani ya hivyo angeing'oa mezani mbele ya mwenyewe.

Kisha siku moja alikwenda kukaa na dada hospitalini akiwa na ile saa, bado imetegwa ihesabu vyuma. Mashine ya dada ikapiga kelele mara mbili, presha ikashuka, manesi wakaja mbio. Walipomtuliza mgonjwa, mkaguzi alikuwa palepale kitini, jasho linamtoka. Alipotazama mkono, saa ilisema kalori mia tisa.

Jioni aliitupa mezani kwa mwalimu. "Nilikaa! Nilikaa kwenye kiti!"

"Hiyo inasikiliza mapigo ya moyo," mwalimu akasema. "Moyo ukienda mbio, yenyewe inajua unanyanyua. Haijui kwamba unaogopa."

Mkaguzi akakumbuka ile Jumanne: alikuwa ametoka kutukanwa na mwenye bucha. Kumbe miezi mitatu amekuwa akila mkate na mayai kwa hofu na hasira, na dada yake analala mashineni. Aliichukia ile saa, akajichukia zaidi.

Akaivua. Akashika hesabu ndogo ya mwalimu, na hata hiyo hakuirudishia chakula. Alikuwa mkali nyumbani mpaka mkewe akamwambia akagombane na friji. Asubuhi ya siku ya mwisho alijipima ofisini, kwenye mizani aliyoikagua mwenyewe. Tisini na moja na nusu. Hakukuwa na muda mwingine wa kuomba.

Chumba cha vipimo hospitalini kilikuwa na mizani ya mshale. Kabla hajapanda, jicho la kazi likaona: hakuna kitu juu yake, na mshale umelala kilo mbili chini ya sifuri. Mizani ya kufungwa hiyo, bila mjadala. Akapanda.

"Themanini na tisa na nusu," nesi akasema huku akiandika. "Hongera, kaka. Umejitahidi."

Mkaguzi akafungua mdomo. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona mizani mbovu akaiacha iendelee kupima. Akaufunga mdomo, akashuka, akavaa viatu.

Dada alikuwa anamsubiri kwenye benchi la nje. "Imesemaje?"

"Themanini na tisa na nusu."

Dada akamshika mkono, macho yamejaa machozi. "Umeisoma wewe mwenyewe?" akauliza, maana kwa mambo ya uzito hakumwamini mtu mwingine duniani.

"Nimeisoma mwenyewe, dada."