Masizi na Mawese kwenye Tairi za Patron

Siku yangu ya kwanza kazini Nchelenge nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimerudi kutoka Elisabethville, kule Kongo, na diploma ya ufundi wa magari, niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba wala misheni kunilipia. Miaka ile ya hamsini, kutoka Kabuta hadi Mwansabombwe, hakukuwa na mwingine mwenye karatasi kama yangu. Mkisema najivuna, sawa. Waulizeni wazee waliobaki.

Aliyeniajiri alikuwa mfanyabiashara wa samaki ambaye sote tulimwita Patron. Alikuwa na malori ya samaki na gari moja dogo la kifahari la kwendea kanisani. Uani kwake tulisema Kiswahili cha Katanga, maana samaki wengi walivushwa kwenda huko. Nyumbani kila mtu alirudia Kibemba chake. Nilitegemea anipe injini. Akanisimamisha mbele ya magurudumu ya lile gari dogo.

"Fundi wa diploma," akasema, "angalia nguo ya bibi yangu."

Mama Patron, mkewe, akageuka. Pindo la gauni lake jeupe lilikuwa na michirizi myeusi.

"Kila siku ya Mungu nikishuka, tairi inanipakaa," akasema. "Toa ile uchafu yote, nione mupira."

"Na nikikuta mutu aliharibu mipira yangu," Patron akaongeza kwa sauti ya kusikika ua mzima, "ataacha funguo pale pale." Alikuwa amekwisha kumfukuza dereva wa lori kwa taa moja iliyovunjika, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Niwaeleze vijana. Tairi hupaushwa na jua na vumbi, ndiyo maana wenye magari huipaka kitu cha kuing'arisha. Mijini palikuwa na dawa ya kopo. Kwetu madereva walichanganya mafuta ya mawese na masizi ya tanuri za kukaushia samaki. Tairi iling'aa kwelikweli, lakini kila tabaka lilinasa vumbi, na juu ya vumbi likapakwa tabaka jingine. Zile za Patron zilikuwa na ganda nene kama gome la mti, na mbwa wa jirani walikuja kuzilamba kwa harufu ya samaki.

Kuna namna ya kuliondoa. Chef wa atelier, mkubwa wetu wa karakana kule Elisabethville, mzungu mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku, alinikuta siku moja na kitambaa chenye petroli. "Petroli injini njo inakunywa!" akafoka. "Mupira ukiupa petroli unakauka, unapasuka!" Kwa hiyo kwanza humwagwa maji mengi, mchanga utoke. Kisha sabuni ya majivu na maji vuguvugu. Unaiacha ilainishe ganda, lakini usiiache ikauke. Unasugua kwa brashi ya nyuzi za mchikichi. Povu la kwanza hutoka jeusi, la pili kahawia. Unasuuza, unarudia. Povu likibaki jeupe, umefika kwenye mpira.

Sikuwa nimefika kwenye povu la kahawia dereva wa gari lile, Ba Chola, mzee mpole, alipochuchumaa kando yangu.

"Mutoto yangu, pumuzika kwanza."

"Ba Chola, mimi sichoki."

"Najua hauchoke. Njo maana naogopa."

Akaninong'oneza. Tairi zile zilikuwa na ukanda mweupe ubavuni, mtindo wa matajiri wa wakati ule, na Patron hakujua. Gari lilinunuliwa na ndugu yake kule Elisabethville, na Ba Chola ndiye aliyelileta. Kwenye pantoni ya kuvukia mto Luapula, chuma cha kupandia kilichana weupe wa tairi moja. Kwa woga akazipaka zote nne mawese na masizi kabla ya kufika, na tangu hapo kila Jumamosi aliongeza, weupe usije ukachungulia.

"Niko na batoto kwa masomo," akasema. "Akinifukuza, nani atanipa gari ingine na huu uzee? Sema tu ilikataa kutoka."

Ilikataa! Diploma yangu ingezikwa siku ile ile. Lakini niliwafikiria wale watoto, na mimi si jiwe.

"Ba Chola, nitaitoa, ni kazi yangu. Ila nitaanza na tatu zile nzima. Yenye kidonda itakuwa ya mwisho. Enda weye mwenyewe umwambie Patron kabla sijaifikia."

"Na akikasirika?"

"Nitakuwa hapa. Mambo ya mupira najua kumupita yeye."

Nikasugua. Weupe ulipotokea kwenye tairi ya kwanza, mpishi akawaita wenzake. Kwenye ya tatu ua ulikuwa umejaa watu, na Ba Chola bado amesimama palepale, kofia mkononi. Patron akatoka.

"Ee! Nani alivalisha gari yangu soksi?"

Watu wakacheka. Ba Chola akapiga goti, akapiga makofi ya heshima, akasema yote: pantoni, chuma, mawese.

Patron akanyoosha mkono. "Funguo."

Ba Chola akazitoa.

"Patron, ngoja," nikasema. Nikaosha tairi ya nne mbele ya macho yao mpaka mchano ukaonekana, nikaupitishia kidole gumba. "Rangi tu njo ilichunika. Mupira ni muzima. Naweka diploma yangu juu yake."

Patron hakuitazama tairi. Ndipo Mama Patron akaja, akalizunguka gari polepole.

"Miaka yote tunapanda hii gari," akasema, "na weye haukujua rangi ya mipira yako. Haya, mufukuze. Batu wakiuliza sababu, utabajibu nini?"

Patron akatazama umati. Akamrudishia Ba Chola funguo bila kumwangalia. "Kila jioni utaziosha. Zibakie mweupe."

Baadaye nilipanda cheo hadi Fundi Mkuu wa karakana ya Boma, ofisi ya serikali, kule Kawambwa, chini ya Bwana Usafirishaji aliyenipa mkono mbele ya wote. Leo nimestaafu kwenye nyumba ya matofali niliyoijenga mwenyewe, na diploma iko ukutani sebuleni. Naona vijana wanavyopaka tairi dawa juu ya uchafu wa jana, nami huwasimamisha barabarani kuwafundisha, wapende wasipende. Wakiniuliza kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, nawatajia zile tairi nne, nao husikitika kidogo, walitegemea injini. Ba Chola aliliendesha gari lile mpaka watoto wake wakamaliza shule na macho yake yakapungua nguvu, akaacha usukani mwenyewe, bila kuombwa.