Mwimbaji Niliyemtafutia Kazi

Hii stori inanionyesha mjinga, na nimekubali. Kama unataka kunicheka, anza sasa.

Nilikuwa na-drive vani ya kukodisha huku Texas, kutoka Garland kwenda Houston, na abiria mmoja tu: mzee Mwingereza, mwembamba, amevaa koti jeusi kwa hilo joto letu. Wenzake wa bendi walikuwa wametangulia na vyombo. Kabla waondoke, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, yule wa gitaa la besi, alinivuta kando.

"Leo mwisho wa shoo atasema kama bendi inaendelea ama inakufa," akaniambia. "Usimsumbue na maswali. Mwache afikirie."

Sawa, mama. Nilinyamaza mpaka tukaiacha Dallas nyuma. Hapo mdomo ukaanza kuniwasha.

"Mzee, kwani wewe hufanya kazi gani?"

"Naimba."

"Hiyo najua. Nauliza kazi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa yote. Bendi ya kwanza waliianza wakiwa vijana, wakiimba kwa baa ambayo babake alikuwa akinywea. Ilikufa baada ya rekodi moja. Ya pili ilijaza kumbi, mpaka yeye na mpiga gitaa wakaacha kusalimiana, wakapelekana kortini kugombania jina. Akashindwa. Hii ya tatu aliianza mvi zikiwa zimeshaingia. Nyimbo anatunga mwenyewe, jikoni, asubuhi, watu wakiwa hawajaamka.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini hiyo hesabu haikunishinda. Bendi mbili zimezikwa, ya tatu inapumua kwa mashine. Huyu babu hana kazi!

Sasa, Mkenya wa huku akikutana na mtu asiye na kazi, dawa ni moja. Nikampigia dada yangu wa Mansfield, nesi, nikaweka spika.

"Dada, nina mzee hapa anatafuta kazi."

"Ana makaratasi?"

"Ni Mwingereza."

"Kwani nimeuliza kabila? Ana makaratasi? Na mgongo uko aje? Kuinua wagonjwa si mchezo."

Nilipomtafsiria mzee, akainamia simu. "Mgongo si mzuri sana, madam."

Dada akageukia Kiingereza chake cha hospitali. "Basi shifti ya usiku kwa nyumba ya kutunza wazee, baba. Wazee wamelala, wewe unawaangalia tu. Kozi yenyewe ni wiki chache. Tuombe?"

Hata hakungoja jibu. "Bwana, huyu baba amehangaika na mabendi tangu ujana. Mpumzishe. Mfungulie mlango mwingine." Mimi macho barabarani, malori yananipita, mzee amefumba yake kabisa. Akasema amina. Baada ya hapo akaegemea dirisha, akaangalia barabara mpaka Houston. Nikajipongeza, nimesaidia mtu.

Ai! Kufika ukumbini, foleni imezunguka jengo lote. Na kila fulana ina uso wa abiria wangu, akiwa kijana, akiwa na nywele! Nilishuka nikaacha gari linanguruma. Huyu ndiye nimemtafutia kazi ya kubadilisha wazee nepi?

Alipopanda jukwaani sikumjua. Lile koti lilikuwa limetupwa, na ile sauti iliyokuwa inakohoa kwa vani ilitoka kama transfoma imelipuka. Watu waliimba naye kila neno. Jitu moja lenye michoro mpaka shingoni lilikuwa linalia kando yangu, limenishika bega kama tumezaliwa pamoja. Sikujua hata wimbo mmoja.

Mwisho akasimama, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Asanteni," akasema. "Mimi nimefika. Leo ndiyo shoo ya mwisho."

Nimeua bendi ya watu! Mimi, na dada yangu, na simu!

Nilikimbilia kwa vani, nikajifungia. Machozi yalikuwa yananitoka. Mama wa besi akaja, akagonga dirisha. Nikalishusha kidogo tu, kwa sababu kofi la mpiga gitaa si la kubahatisha.

"Mama, nisamehe. Nilimuuliza maswali."

Akaniangalia sana. Macho yake pia yalikuwa mekundu.

"Tulichoka zamani, sote," akasema. "Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme. Wacha kulia, kijana. Fungua mlango, nataka kukaa."