Kahawa ya Daktari

Juzi nilipata lifti kwenye gari la daktari wa mifugo kwenda Ijumbi. Tukapitia kwa mzee ambaye ng'ombe wake alikuwa anashindwa kuzaa. Mzee alitutolea kahawa ya kutafuna, kama tunavyowapokea wageni sisi Wahaya, na bakuli likaenda moja kwa moja kwa dereva mwenye mvi, likimpita binti tuliyeshuka naye garini.

"Karibu, daktari. Na huyu binti wa pwani ni msaidizi wako?"

Binti alirekebisha hijabu yake. Dereva hakugusa hata punje. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akageuka, akampigia binti goti kama wafanyavyo wake zetu.

"Daktari, karibu kahawa."

Daktari akatafuna punje, akakunja mikono ya koti. "Asante, baba. Mzee, naomba maji na sabuni."

Ndama alipozaliwa na kusimama, mzee alileta bakuli tena, safari hii bila kukosea mtu, akashukuru kwa Kihaya. "Wakola muno, daktari."

Daktari angekuwa mwanamume wa pwani, au bibi wa hapa hapa, pengine mzee angeuliza kwanza daktari ni nani. Namshukuru dereva yule. Wengi wetu tukipewa cheo kisicho chetu, tunatafuna kwanza, tunasahihisha baadaye.