Redio Yangu Iliposema Ukweni

Haya, chekeni kwanza mmalize ndipo nisimulie, maana najua hapa Somanda habari hii imeshapita kwenye midomo ya watu ambao hata hawakuwepo. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyekutwa nimeinama ndani ya gari, mkono umenasa kwenye dashibodi mpaka kiwikoni, makalio nje, kitenge kimefunguka (ndani nilivaa taiti, mkisimulia msilisahau na hilo), huku nyimbo za Wagika zinalia kwa sauti ya mwisho uani kwa Mgalu, siku ya posa. Aibu niliipata, sikatai. Lakini redio siuzi, anayeitaka akanunue yake.

Tulikuwa tumekwenda Shishiyu kumposea mdogo wangu Maduhu, ambaye nimemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki, nimemsomesha kwa chapati na chai ya rangi, na kitu alichowahi kuniomba kwa machozi ni kimoja tu, huyo binti Ngolo. Sasa baba yake Ngolo alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili waliotangulia, mmoja eti kwa sababu mshenga wake aliongea huku anatafuna, kwa hiyo sisi tulijua kabisa kwamba tukikosea kidogo tu hakuna kurudi tena, na Maduhu nimemwacha nyumbani ameshika simu hata uji hajanywa.

Gari lilikuwa langu. Ni la zamani, lile ambalo mlango haufungi mpaka uubamize kama unagombana nao, na redio yake ya kanda ilikufa kabla sijalinunua. Nikasema haiwezekani twende ukweni kimya kama tunapeleka msiba. Nikanunua redio mpya kwa Shabani pale sokoni, ya kuchomeka fleshi, na Shabani akanisihi nimsubiri fundi wake aliyekwenda Maswa, akanionyesha na kile kibati cha redio, kwamba kinatangulia kuingia kwenye tundu la dashibodi, kinakunjwa meno yashike, ndipo redio inaingia ndani yake, na nyuma inafungwa kwa skrubu isicheze. Nikamwambia nimesikia, na kweli nilisikia, ila mimi kusubiri mwanaume aje anifungie kitu kwenye gari langu sijazoea.

Nikafunga mwenyewe. Kibati kikagoma kuingia, nikakitupa chini ya kiti. Redio nikaibana pembeni kwa kipande cha khanga kuukuu na chini nikaweka boksi la sabuni nililolikunja, ikakaa vizuri tu. Waya nikazisokota kwa vidole nikazungushia selotepu, na ule mwekundu na ule wa njano nikazifunga pamoja kwenye waya wenye moto saa zote, ili nikiwa nimepumzika nisikilize hata bila ufunguo (hapo nilijiona mjanja sana, nikamwita na jirani aje kuona). Kwenye fleshi nilijaza ngoma za Wagika, kwa sababu baba yangu alicheza na Wagika na mimi ni mwanawe.

Kwa asiyejua, kwetu Usukumani wachezaji ngoma wana pande mbili, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno wanashindana na kutukanana kwa nyimbo mpaka vumbi linafunika watu. Basi tuko njiani, zinapigwa zile za kuwasema Wagalu kwamba dawa zao za kuvutia watazamaji zimechacha na ngoma yao wameitelekeza uwanjani, ndipo mzee Jidayi, mshenga wetu, akauliza kwa upole kama nafahamu kuwa baba yake Ngolo ni Mgalu tangu ujana wake. Sikufahamu. Nikaibonyeza redio kuizima, ikazima, lakini nikaiona imerudi nyuma kidogo. Nikasema si imezima, tuendelee.

Tukafika, tukasalimia kwa kupiga magoti inavyotakiwa, tukapewa vigoda vya chini. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Mzee Jidayi akaanza kuongea, na aliongea vizuri jamani, anasema sisi tumekuja kwa unyenyekevu, ni watu wa adabu, nyumbani kwetu hakusikiki kelele. Wakati huo ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, na mmoja, dume lenye nundu kubwa, likaona gari langu linafaa kukunia ubavu.

Gari likayumba, nikasikia kitu kimeporomoka ndani, halafu zile waya zangu zikagusana sijui vipi na redio ikajiwasha yenyewe. Ikaanza palepale kwenye matusi.

Nilikimbia. Ufunguo nikautoa mfukoni nikakumbuka hauna kazi, kwa ule ujanja wangu. Nikakuta tundu tupu, redio imetumbukia nyuma ya dashibodi inaimbia gizani, nikaingiza mkono kuitafuta, nikavuta khanga badala ya waya, nikasukuma zaidi, na mkono ukanasa. Kuutoa hautoki. Watoto wamejaa, dume limesimama linanitazama, na nyuma yangu nasikia wazee wa pale wanasema hawa wamekuja kututukana nyumbani kwetu, wafungashe waondoke. Mzee Jidayi anaomba radhi mpaka sauti inakauka.

Hapo nikamuona Maduhu akilini, kule nyumbani na ile simu yake, na hasira zikanipanda. Nikapaza sauti humohumo ndani.

"Baba, hiyo redio nimeifunga mimi, vibaya, kwa kiherehere changu. Mzee Jidayi hana kosa na mdogo wangu hana kosa. Wa kuadhibiwa ni mimi, na wala sikimbii, mkono wangu uko humu."

Halafu kutoka jikoni nikasikia mtu anaitikia wimbo. Anaitikia hasa, anapanda pale pa kupanda na kushuka pale pa kushuka. Alikuwa mama yake Ngolo, mwiko mkononi.

Mumewe akamgeukia. "Miaka yote hii kumbe bado unaujua?"

"Nimezaliwa kwa Wagika, nitausahau wapi?" akasema mama. "Na ugali wangu mbona unakula."

Mzee wa watu mabega yakaanza kumtikisika, na alipocheka yeye wakacheka wote, na mimi mkono ungali umenasa. Ngolo, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, ndiye aliyetoka ndani na mafuta ya kula, akanimiminia kiwikoni mkono ukachomoka, kisha akapitisha wake mwembamba akang'oa waya. Baba yake akatutoza mbuzi wa faini kwa matusi, na mimi peke yangu nikaamriwa kuucheza ule wimbo mbele ya watu wote bila redio. Nikaucheza, tena nikaucheza vizuri, wakaomba nirudie. Jioni ile nikampigia Maduhu nikamwambia anywe uji.

Kwa hiyo wanaoniita Mama Mkono waniite tu. Kitu kimoja nimeapa, sitafunga tena kitu kwa khanga na boksi la sabuni. Kibati nilikiokota chini ya kiti, fundi wa Shabani alipokuja nikamsimamia mpaka skrubu ya mwisho, na waya mwekundu umerudi kwenye ufunguo. Nyimbo ni zilezile, sijafuta hata mmoja.

Ngolo sasa ni wifi yangu. Tukienda kwao anakaa kiti cha mbele, na kabla hatujaingia uani ananiambia nisimamishe gari, anaibonyeza redio kwa dole gumba, kwa nguvu zake zote, aone kama inarudi nyuma. Hairudi. Ndipo ananiambia, "Haya wifi, weka ule wa mama," tunaingia.