Ndimu Kwenye Sukari Guru

Jana sokoni muuzaji alinisogezea kipande cha sukari guru nionje. Harufu ikanipanda puani, nikamfokea bure.

Nilipokuwa mtoto, mke mdogo wa baba aliipika uani, akikoroga maji ya miwa tangu asubuhi kwa ajili ya wageni. Mama yangu akanipa mandimu.

"Akienda kuteka mayi, kamulia mule mu sufuria. Na usiseme kintu."

Nikakamua. Sukari ikiingia ndimu haigandi; ilibaki uji mweusi mbele ya wakubwa wa baba kutoka kiwanda cha shaba, na suti zao za abakosti.

"Ni bibi gani huyu, hajue hata kupika sukari?" Baba akafoka, akamtupia mke mdogo nguo zake nje.

Mke mdogo akanishika mkono, akanusa vidole vyangu. Akanitazama, akauachia, akainama kuokota nguo zake.