Kigoda cha Babu Nilikikuta Ndani ya Kioo

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine nitajitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo.

Jina langu silitaji. Watu wa Didia, kijijini kwetu, wakisoma habari hii watanijua tu, hata nikijifunika kanga tatu. Wengine nichukulieni kama mwanamke yeyote mliyeketi naye kwenye lori, akaanza kumwaga yaliyo moyoni kabla hata hamjajuliana hali.

Nilikuwa yaya kwa Wazungu wa mgodini, huku Geita. Bwana alikuwa fundi wa mashine. Memsabu yeye alipenda vitu vya zamani. Baraza lake lilijaa vinyago, vibuyu na mikuki, na mgeni akija alionyeshwa vyote kabla ya kupewa chai. Mayaya tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Mhaya, na mtoto wa kulea mmoja. Hapo mjue amani haikuwepo.

Mwaka ule tukasikia kwamba watazunguka ziwa kwa meli, kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha Uganda, na yaya atakayekwenda ni mmoja. Jamani, nilivyoitaka meli ile! Mwenzangu alikuwa ameipanda alipokuja kutoka kwao, na kila tukifua nguo ananisimulia: mara taa zake, mara king'ora chake, mara samaki waliokaangwa humo. Mimi ninayefua naye beseni moja nilikuwa sijapanda hata mtumbwi.

Siku moja memsabu alikuwa akipangusa vinyago vyake, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, "Hii yote ya sokoni. Mimi nataka kitu ya wazee. Kitu ya kweli."

Nikajisikia nasema, "Kwetu kipo, memsabu."

Mdomo huu! Laiti siku ile ungeumwa jino.

Nyuma ya nyumba ya mama, kule Didia, kuna kijumba kidogo cha nyasi cha masamva, ndio wazee wetu waliotangulia. Ndani yake kilikaa kigoda cha babu. Kina miguu mitatu, mguu mmoja ulipasuka na marehemu baba akaufunga kwa waya wa shaba. Juu pana doa jeusi, nililitia mimi mwenyewe nikiwa mdogo, kaa la moto liliponidondoka. Hakikaliwi kigoda hicho. Kila mavuno humwagiwa maji ya unga wa mtama, na wazee huitwa kwa majina yao. Anayeingia kufanya kazi hiyo ni binti wa ukoo. Mke aliyeolewa kwetu hufagia nje tu, mlangoni anakomea. Shangazi yangu alipofariki, binti nikabaki mimi.

Nilikwenda Didia kama mtu aliyekuja kuwasalimia. Nikakitoa mchana kweupe, nikakiweka kwenye tenga, nikafunika na viazi. Nilijiambia kwamba kitakaa barazani kwa memsabu, nitakipangusa kila siku kwa mkono wangu, kwa hiyo kigoda kitakuwa kimehama nyumba tu. Angalieni akili ya mtu anayetaka jambo!

Memsabu alikikumbatia kama mtoto. Nafasi ya meli nikaipata. Mhaya wa watu alilia jikoni, na mimi nikamwimbia kwa kumcheka.

Mavuno yalipofika sikwenda nyumbani. Nilituma salamu kwamba nimenyimwa ruhusa, uongo mtupu. Ukoo ukamtafuta binti mwingine, mtoto wa baba mdogo, aingie badala yangu. Akatoka anasema kigoda hakimo.

Sasa nani kachukua? Nyumbani palikuwa na mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, palikuwa na kaka yangu, na mke wa kaka. Huyo wifi yangu nitamwita Minza. Alikuwa na watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Minza ndiye aliyefagia pale mlangoni kila asubuhi. Wakaona wamepata jibu.

Kaka akamwomba katekista aniandikie barua. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo, naijua kwa moyo. "Dada, kigoda cha babu hakipo. Wazee wanasema ni Minza, mwenyewe anakana. Wanataka nimrudishe kwao. Mimi nasitasita. Wewe ndiye binti wa kijumba, binti hawezi kujiibia mwenyewe. Sema neno lako, nitalifuata."

Neno langu! Nilikimbilia barazani. Kigoda hakikuwepo, na kukipangusa nilikuwa nimeacha kitambo.

"Imekwenda mbele," memsabu akaniambia, anatabasamu. "Imekwenda Uganda, kwa jumba ya makumbusho. Wewe utaiona na macho yako."

Basi nikapanga. Nitafika, nitakiomba, nitakirudisha kimyakimya, ndipo nimjibu kaka. Barua nikaiweka kifuani nikapanda nayo meli. Mnataka kujua meli ilikuwaje? Sikumbuki. Nakumbuka nilitapika.

Uganda meli ilitia nanga asubuhi, ikasemwa tutaondoka saa kumi jioni. Tukapelekwa kwa motokaa hadi Kampala, kwenye jumba hilo lililosifiwa na kila Mzungu wa mgodini. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Ndani palikuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Ngoma kubwa kuliko mtu, zeze, mikuki, nyungu nyeusi zinazong'aa, kila kitu kimewekwa peke yake na karatasi yake. Nitasema kweli hata kama ni aibu, niliona ni pazuri. Kwa dakika chache nikasahau nilichofuata.

Kisha nikakiona. Kipo ndani ya kioo, kimesimama juu ya kitambaa chekundu. Waya wa baba ule pale. Doa langu lile pale.

Walikuwa wamekiosha! Ule unga uliogandana mavuno kwa mavuno, wa shangazi na wa waliomtangulia, wameusugua wote, wakakipaka mafuta kikawa kinang'aa. Nilihisi kama wamemvua babu nguo mbele za watu.

Mwangalizi wa pale, kijana wa Kiganda aliyejua Kiswahili, aliniona nimesogeza uso hadi kwenye kioo. Akanisogelea.

"Dada, kitu hiki unakijua?"

Nikakaza mbeleko ya mtoto.

"Kama ni cha nyumba fulani, sema. Mkubwa wetu yule pale, ni mtu wa kusikia. Mwezi uliopita alirudisha ngoma ya watu. Nimwite?"

Alimwita hata kabla sijajibu. Mkubwa akaja na daftari lake, memsabu akaja naye, uso umejaa furaha, akanishika bega. Mwangalizi akanitafsiria swali: "Anauliza kigoda hiki kilikuwa cha nani, na kama mwenyewe yuko."

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Lilitakiwa jibu moja tu: ni cha babu. Lakini nikikiri kwamba bado kina wenyewe, wataniuliza nani alikitoa. Nikawaza memsabu atanionaje. Nikawaza kuachwa pale bandarini, ugenini, na meli inaondoka. Mwenzangu Mhaya nikamwona anacheka. Minza naye nilimwaza, sikatai. Nilimwaza mwisho.

Nikasema, "Kilitupwa. Hakina mwenyewe."

Mkubwa akaandika. Mwangalizi akanitazama kidogo, akaondoka zake kufunga dirisha.

Kaka sikumjibu. Ningemjibu nini? Alingoja mwezi mzima, kisha akauchukua ukimya wangu kuwa ndilo neno. Minza akarudishwa kwao na jina la mwizi wa mizimu. Kwa ajili ya watoto ng'ombe wa mahari hawakurudishwa wote, na watoto wakabaki kwetu. Yule mdogo aliachishwa ziwa siku ile ile, mama yake akiwa anashuka njiani na maziwa yanalowesha gauni. Haya nilisimuliwa na mama, aliyedhani ananipa habari njema.

Mvua tatu zimepita. Mama ametangulia mbele ya haki, na alikufa akimlaani asiyehusika. Kaka ameoa mwingine, wala haonekani kuwa na raha. Memsabu na bwana wamerudi kwao Ulaya. Yeye memsabu aliniachia picha ya kigoda changu, picha nzuri kabisa.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwa kina Minza. Nilimkuta anapalilia pamba. Amekonda, lakini ni yeye. Hakuuacha mpini wa jembe.

"Karibu, wifi," alisema. Bado ananiita wifi!

Nilipiga magoti pale pale kwenye matuta, nikaungama yote, kuanzia tenga hadi kioo. Nililia peke yangu. Yeye alikuwa anang'oa gugu lililojificha kwenye shina la pamba.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Siku ile nilikuwa nyuma ya ghala. Nilikuona unatoka na tenga, ukainama kuokota kiazi kilichodondoka. Mguu wenye waya ulichomoza."

Mayu, mama yangu! Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, nani angenisikia? Mimi mke wa kuja, wewe binti wa nyumba. Nikasema moyoni, wifi yangu atasema mwenyewe. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku naingia kwenu. Nilikungoja kesho yake. Nikangoja mavuno. Ile siku natoka, nilitembea polepole mpaka barabarani, nikidhani labda utakuja na lori la jioni."

Akaniuliza kama mtoto yule mdogo anakula vizuri. Nikamwambia anakula. Akauliza kama anamkumbuka. Nikaanza kuokota magugu aliyoyang'oa.

"Basi inuka," akasema, "unanikanyagia pamba. Mimi sikuwa nahitaji kuambiwa. Nenda kawaambie wao."

Ndugu zangu, nikiwaonya nitawaonya nini? Kitu cha nyumba msikitoe ili mpendwe na mtu wa kupita, atapita. Na ukishakosa, usikae unatafuta saa nzuri ya kusema, kwa maana kuna mtu yuko njiani anatembea polepole kwa ajili yako.

Kaka bado sijamwambia. Mara mbili nimefika stendi ya malori nikarudi na mzigo wangu. Nimeanza na ninyi msionijua, ili mdomo uzoee. Jumamosi naondoka kwenda Didia.