Neno Lililokatwa Katikati

Kaka mtu aliitwa Chizi, na jina hilo alilipata kihalali. Tamthilia yake ya kwanza ilihusu siku ya kupandisha bendera, na waigizaji waliwapa watazamaji mgongo mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ikawapandisha watazamaji wenyewe jukwaani wapange foleni ya kupokea uhuru, huku waigizaji wamekaa kwenye viti vyao wakipiga makofi. Foleni haikusogea hata hatua moja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaanza kutazamana.

Dada yake alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi. Kwa miaka thelathini kila tamthilia ilipita vidoleni mwake, na siku za maonyesho alikaa nyuma ya pazia, mswada mapajani, akimnong'onezea muigizaji aliyesahau maneno. Hakuruka hata silabi. Alishangaa tu: huyu waliyekua naye chumba kimoja, aliyekuwa hajui hata kufunga kamba za viatu, mambo haya aliyaona wapi?

Nuru ya macho ikaanza kumwisha Chizi. Akaandika ya mwisho, kuhusu mashujaa wa taifa. Ofisa wa vibali akasoma, akasimamisha kalamu.

"Hapa umeandika 'waliogombania nchi hii'. Andika 'waliopigania'. La sivyo, hakuna kibali."

"Sawa, mheshimiwa," akajibu Chizi, mpole kama si yeye.

Dada alichapa ukurasa upya, roho ikimuuma. Kumbe hata kaka huchoka!

Onyesho lilikuwa alasiri, ukumbi umefurika, ofisa kiti cha mbele na mswada wake mkononi. Muigizaji mkuu akasogea, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Hawa ndio mashujaa wetu, walio..."

Akanyamaza.

Dada akasubiri. Akanong'ona: "Pigania." Akarudia kwa nguvu, mpaka safu ya mbele wakamsikia: "Pigania! Waliopigania!" Muigizaji hakutikisika, mdomo wazi.

Ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka huko nyuma: "Gombania!" Ikaitikiwa kushoto, ikaitikiwa kulia, na mara ukumbi mzima ukalitamka kwa pamoja, taratibu, bila kelele za fujo, kama watu wanaotaja jina la mtu wanayemfahamu. Dada alisisimka mwili mzima. Katika maisha yake hajapata kusikia kitu kikubwa namna ile.

Ofisa alifika nyuma ya pazia akihema. "Nani amesema lile neno?"

"Si sisi, mheshimiwa," akasema Chizi. "Kijana wangu alisahau. Dada akamkumbusha neno uliloliruhusu, mara mbili. Ulimsikia kwa masikio yako."

Ofisa akafungua mswada, akafuata mstari kwa kidole. Neno lake lilikuwepo, limechapwa safi. Akamtazama yule dada, ambaye uso wake haukuwa na chembe ya hila, akaufunga mswada na kuondoka.

Dada akaketi. "Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeigiza," akasema Chizi, akipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa dada yake. "Nilihitaji mtu mmoja asiyeigiza."